Chaji ya Hilkka

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, kabla ya kuingia sauna, Jarmo Kettunen alipiga goti kwenye chumba cha kuvulia nguo akaishika betri ya pikipiki yake kwa kiganja, kuona kama ina uvuguvugu. Aliileta ndani Oktoba baridi isiiue, akaifuta kwa kitambaa kikavu na kuichomeka kwenye chaja ndogo. Mkewe alisema hata yeye alipougua nimonia hakupanguswa hivyo. Hilkka, mama yake Jarmo, aliishi nyuma ya kanisa, mwendo wa dakika kumi. Huko Jarmo hakuwa amefika tangu Oktoba hiyo hiyo.

Asubuhi ya Mei Mosi, siku ambayo wenye pikipiki wote wa Kemijärvi, mji wa kaskazini mwa Ufini, hutoka pamoja, aliirudisha betri mahali pake na kubonyeza stata. Ikalia tk. Akabonyeza tena, tk. Betri ilikuwa na miaka saba. Umri wake ulikuwa umekwisha, na hapo chaja haina la kufanya. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu.

Mama yake akaingia uani na mfuko wa maandazi.

"Imekufa?"

"Imekufa, Mama. Na wenzangu wanaondoka saa nne."

Hilkka aliweka mfuko juu ya ngazi, akavua glavu. "Waya mwekundu wa betri naushika kwa mkono upi?"

"Wowote, mradi usiuachie."

Akashika nyaya zote mbili. Jarmo akabonyeza stata, pikipiki ikawaka mara moja. Jirani, aliyekuwa akibadilisha matairi ya theluji, alisema huo moto unazipita betri za dukani. Jarmo, kwa mazoea, alimpima mama yake kwa mita ya umeme. Volti kumi na tatu.

"Chaji yote hii umeitoa wapi, Mama?"

"Si yako hii? Nakuwekea tangu Oktoba. Kila Jumapili nachemsha kahawa, natoa vikombe viwili, hodi siisikii. Ningeitumia na nani?"

Aibu ilimpanda Jarmo mpaka masikioni. Alitazama tairi, akatazama tangi, kote isipokuwa usoni pa mama yake. Alitaka kuzima injini waingie ndani wanywe kahawa. Lakini akiizima, haitawaka tena.

"Nenda bwana, watakuacha," Hilkka alisema, akivaa glavu polepole. Mita ilisoma tisa.

Akaenda. Njia nzima hadi mji wa Salla aliapa kwa sauti ndani ya helmeti kwamba kila Jumapili atakuwa kwa mama yake. Jumatano alinunua betri mpya. Muuzaji alimwambia itadumu miaka mingi, "ila baridi ikianza usiitelekeze." Masikio yakamwaka tena.

Theluji ya kwanza ilianguka Oktoba. Jarmo aliitoa betri, akaifuta, akaichomeka, na Jumamosi akapiga goti kuishika. Ilikuwa na uvuguvugu mzuri. Kutoka dirishani ulionekana moshi mwembamba wa dohani ya nyumba ya nyuma ya kanisa. Jarmo aliona aibu kuutazama, akashusha pazia.