Nyuma ya Machimbo

Vendula hakumleta Filipa kijijini ili akaone ng'ombe. Alimleta awe ngao. Baba yake, mzee Bohumil, alimwingiza Jarmila nyumbani kabla udongo wa kaburi la mkewe haujakauka, na tangu hapo hakuna wikendi iliyokwisha bila kelele. Mbele ya mgeni, aliwaza, watu hukunja makucha.

Na kweli walikunja. Mlangoni Jarmila alimkumbatia Filipa, binti wa Kireno anayeishi na Vendula nyumba moja huko mjini Olomouc wanakosoma. Akawatolea wote wawili ndara za wageni. Za marehemu alikuwa amezivaa yeye.

"Karibu, mwanangu! Hapa utakula mpaka ushindwe kupanda basi."

Picha ya mama haikuwapo tena ukutani. Mapazia mapya, makabati mapya. Kitu kimoja tu cha mama hakuna aliyeweza kukitupa wala kukipaka rangi: mahali pake pa kuokotea uyoga. Kwao Ucheki mtu atakuonyesha akiba yake ya benki kabla ya kukuonyesha mahali hapo. Mama alipaficha hata kwa mumewe. Alimpeleka Vendula peke yake, akiwa tayari mgonjwa, akimshika bega ili asianguke.

Jumamosi asubuhi Vendula alimpeleka Filipa huko. Alitaka mtu mmoja tu duniani aone kwamba mama yake alikuwepo. Walizunguka njia ndefu, wakapita machimbo ya mawe yaliyoachwa, mpaka kwenye mti uliopasuliwa na radi. Uyoga ulikuwa umejaa, mnene, wenye kofia za kahawia. Vendula alipiga magoti akalia, na Filipa akampapasa mgongo.

Wakati wa kurudi walikutana na jirani. Vendula akafunika kikapu kwa koti na kusema hawakupata kitu. Jirani naye, kikapu chake kimefunikwa vilevile, akaapa kuwa msitu mwaka huu ni mkavu. Filipa alicheka sana, akidhani ni utani. Vendula hakumweleza. Nani humweleza mtu mzima kwamba hapaswi kutia mkono mfukoni mwa mwenzake?

Mezani, supu ikifuka moshi, Jarmila aliuliza, "Huu mmeutoa wapi?"

"Msituni, shangazi." Kumwita mama alikataa katakata.

Mzee Bohumil akaangua kicheko. "Mama yake kabisa huyu! Msituni! Nimelala kitanda kimoja na yule mwanamke miaka nenda rudi, jibu ni hilohilo."

Filipa aliona aibu kwa niaba ya mwenzake. Mwenyeji kauliza vizuri, anajibiwaje hivyo? Tena alikuwa akikijivunia Kicheki chake.

"Nyuma ya machimbo, mama. Penye mti uliopigwa na radi. Upo mwingi!"

Kijiko cha mzee kilisimama hewani. Jarmila akatabasamu.

"Ongeza supu, mwanangu," akamwambia Filipa.

Jumapili Vendula aliamka mapema akaenda mbio, lakini wenzake walikuwa wameshawahi. Chini ya mti palibaki vikonyo tu, vimekatwa kwa kisu kikali. Hata uliochipua jana haukuachwa.

Aliporudi alimkuta baba yake jikoni, bega kwa bega na Jarmila, akikata uyoga na kupiga mluzi. Hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu mazishi.

"Njoo uone, Venda! Mama yako alininyima hadi anakufa. Mchoyo yule, Mungu amrehemu."

"Mmekata hata ule mdogo, baba."

"Tungeuacha, wangeukata wengine," Jarmila akajibu.

Filipa, mlangoni, aliusoma uso wa rafiki yake. "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Umeulizwa, ukajibu."

Vendula alimchukia, na alijua kuwa anamwonea, na hilo likamuuma zaidi.

Basi lilikuwa limeshafika Jarmila alipowafuata akitweta, na zile ndara miguuni, akawapakatisha kila mmoja chupa ya uyoga wa siki, ingali na joto la jiko.

"Chukua na wewe, Vendula. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu."

Dereva alikuwa akingoja. Baba yake Vendula alikuwa akipunga mkono kwenye dirisha la nyumba.

"Ahsante, shangazi," Vendula akasema.