Tebo Haisomwi na Mtu Mmoja

Mimi upweke siujui. Huwa nauona kwa wenzangu, kama mtu anavyoyaona mabusha: unasikitika, unasema pole, unaendelea na safari yako. Niweke kisiwani na nazi moja, ukirudi utatukuta tunabishana, na nazi imeshindwa.

Maneno hayo niliyasema mbele ya darasa langu lote la kisomo cha watu wazima, Likawage, mwaka ule baada ya watu kuhamishiwa kijijini. Niliyasema nimesimama, mkono mmoja mfukoni, chaki nimeichomeka sikioni kama penseli ya seremala. Kijana wa Mchinga, kidato cha nne nimekimaliza Lindi mjini, nani ataniambia nini? Wakacheka. Walikuwa wepesi wa kucheka wale watu, na mimi nilikuwa nimewadekeza.

Walikuwa wamekuja kuniaga. Mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke kule kwenye mashamba yao ya zamani, mbali na kijiji, na nguruwe hawakuhamishwa na operesheni yoyote. Walibaki kule kule, wakisubiri chakula kiive. Basi watu wakafunga nyumba zao mpya, zilizopangwa mistari kama herufi kwenye daftari, waende wakakae juu ya madungu, vile vibanda vya kwenye miti mirefu, wapige makopo na kulinda mazao mpaka mavuno. Walikuwa wanakwenda wote, wazee, watoto, mpaka kuku.

"Twende zetu, mume wangu," alisema Bi Maftaha. Huyu alikuwa rika la bibi yangu, na bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita mume wangu nami nikamwita mke wangu, na hakuna aliyeshtuka. "Utabaki na nani hapa?"

"Nitabaki na akili yangu."

"Hiyo nayo inapika?"

"Inakushinda wewe."

"Haya. Tutakuja kuikuta imekonda."

"Mtanikuta nimenenepa! Ninyi ndio mtakaonililia huko juu. Mtasoma tebo na ngedere."

Fakihi, mkulima mwenye kifua kama pipa, alicheka mpaka akapiga gogo ngumi. Mzee Huseni, muadhini wetu, hakucheka. Aliweka mkono kifuani akasema, "Utakuwa salama, inshallah, mwalimu."

"Hilo halihitaji inshallah, Mzee Huseni."

"Kila kitu kina inshallah," akajibu, akaondoka na birika lake.

Jibu hilo nilishalizoea, maana darasani pia hakuliacha. Tulikuwa tumefika tebo ya saba. Kila siku watu wakishatoka kwenye shamba la ujamaa na kuswali adhuhuri, walikaa kwenye magogo chini ya paa la nyasi, mimi nikauliza, wao wakaitikia. Ukimuuliza Mzee Huseni nne mara saba, atakohoa, atafikiri, kisha, "Ishirini na nane, inshallah." Fakihi yeye hakusubiri swali liishe. Ukisema "Tano mara" tu, ameshafyatuka, "Ishirini na tano!" na siku nyingine ikawa kweli. Bi Maftaha alikwenda vizuri mpaka hesabu ilipovuka hamsini. Kuanzia hapo alikuwa na jibu moja.

"Saba mara nane, mke wangu?"

"Ni nyingi."

"Ngapi?"

"Zinatosha."

Na darasa zima likaanguka. Lile gogo la mbele lilishabingirika mara nyingi kwa sababu yake.

Basi wakaenda. Siku ya kwanza nilifurahi. Nililala mpaka jua likaingia mlangoni. Nilipika ugali wa muhogo, ukaungua chini na kubaki mbichi juu, nikajiambia huo ni ufundi, si kila mtu anaweza. Jioni nikawasha redio, nikacheza dansi na fimbo ya ubao.

Kisha redio ikafa betri.

Sikujua kwamba kijiji kina sauti mpaka ilipoondoka. Mchi, kikohozi, mtoto anayechapwa, mtu anayemwita mbuzi kwa jina la jirani aliyegombana naye. Yote yalikwenda juu ya madungu. Hata adhana haikuwapo, muadhini alikuwa anafukuza nguruwe. Nikawa naijua saa kwa tumbo. Nilipita kati ya milango iliyofungwa kwa kamba, nikabisha hodi kwa Fakihi kwa mzaha tu, nikajiitikia karibu, nikasimama pale kidogo. Mzaha huo sikuurudia.

Kwetu Mchinga kulala chumbani peke yako ni adhabu. Tulilala tumepangwa kama dagaa juu ya mkeka, mguu wa huyu shingoni mwa yule, na ukiota unasimulia kabla hujafumbua macho. Lakini kwetu nisingefika. Mvua ilishaikata barabara na lori halikuja tena. Njia ya mashambani nayo niliijua vizuri, na miguu ilikuwa mizima. Kilichonizuia ni ile nazi. Ningetokea kule chini ya madungu, Bi Maftaha angenicheka mpaka mtama uishe ghalani, na mwalimu aliyekwisha kuwa kichekesho hana darasa tena. Watu huja kwa mwalimu wacheke naye. Wakianza kumcheka yeye, wanabaki nyumbani. Nikaapa sitakwenda.

Mchana mmoja saa ya darasa ilipofika, nikaenda darasani. Sijui kwa nini. Labda kufuta ubao. Magogo yalikuwa yamekaa kwa adabu kuliko watu wake. Nikaandika tebo ya pili, nikageuka, nikauliza, "Mbili mara mbili?"

Magogo yakanitazama.

Sasa, tebo haisomwi na mtu mmoja. Shairi utalisoma peke yako, barua utaisoma peke yako, lakini tebo ina muulizaji na ina mwitikiaji, na ukiuliza usipoitikiwa, swali linabaki linaning'inia pale juu kwenye nyasi. Nikaliangalia nikaona haifai. Nikaenda nikakaa kwenye gogo la mbele, nikajibu, "Nne." Nikarudi ubaoni. "Mbili mara tatu?" Nikaenda kwenye gogo. "Sita."

Tebo ya tatu nikachoka kwenda na kurudi, nikaanza kujibu pale pale nilipo, ila kwa sauti zao. Fakihi ni rahisi, unajaza kifua na kupiga kelele. Mzee Huseni unashusha sauti kooni. Darasa likachangamka! Fakihi akakosea, nikamkemea, akabisha, Mzee Huseni akaingilia kati kwa inshallah. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ubao.

Kati ya tebo ya tano na ya sita nilipumzika kidogo. Nilikuwa nafuta ubao na vumbi la chaki likaniingia machoni, yote mawili kwa pamoja. Vumbi la chaki ni kali sana. Ikabidi nikae chini, kichwa juu ya magoti, mpaka litoke, na halikuwa na haraka.

Lilipokwisha nikanyanyuka, nikapenga kamasi, nikaandika tebo ya saba. Nilikuwa nimemwacha Bi Maftaha makusudi mpaka hapo. Nikalegeza shingo, nikashika kiuno kama yeye, nikauliza kwa sauti yangu ya ualimu, "Saba mara nane, mke wangu?"

"Ni nyingi."

Sikuwa nimefungua mdomo.

Nikageuka. Alikuwa ametokeza nyuma ya nguzo ya mwisho, kanga kiunoni, matope mpaka magotini.

"Shi... shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Leo mimi si mke wako?"

"Nilikuwa naandaa somo."

"Naliona. Darasa limejaa."

"Na wewe umefuata nini huku?"

"Mchi. Niliusahau nyumbani."

Nikamwangalia. Mtu anakaa katikati ya msitu, miti imemzunguka pande zote, anatembea mwendo wote huo kwenye matope kufuata mchi. Ingekuwa siku nyingine ningemchana kwa utani mpaka aombe maji. Siku hiyo nilisema tu, "Mchi ni mzito. Nitakubebea mpaka njia panda, kisha nirudi. Kazi ninazo nyingi."

"Nyingi kama ngapi?"

"Zinatosha."

Akaenda kuuchukua mchi. Nami nikaingia ndani kwangu kuvaa viatu. Nilipotoka alikuwa ananisubiri uani, mchi amejitwika mwenyewe begani, akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Na huo mkeka," akasema, "unamsindikiza nani?"

"Wa kukalia. Tukichoka."

"Na sufuria?"

"Njiani kuna njaa."

"Na ubao?"

Hapo akili yangu, ile niliyobaki nayo, ikakataa kupika. Bi Maftaha akageuka, akashika njia. Nikamfuata. Njia panda tukaipita na hakuna aliyeitaja. Mbele kabisa nilianza kusikia makopo yakigongwa, na sauti ya Fakihi ikimtukana nguruwe.

Kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa linanikereketa, na nilitaka kulimaliza kabla hatujafika kwa watu. Nikaharakisha, nikaenda naye sambamba.

"Mke wangu, pale darasani... ulifika lini hasa? Ulinikuta kwenye tebo ya saba, siyo?"

Hakugeuka. Alihamisha mchi kutoka bega hili kwenda bega lile.

"Tangu ya pili, mume wangu. Tembea."