Mkuu wa Kijiji Amepumzika

Vilimone alikuwa mkuu wa kijiji cha Nakoroleka kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna bomba lililopasuka, nguruwe aliyepotea wala mume na mke waliorushiana vyungu bila yeye kuitwa. Aliitika kila mwito. Chakula chake kilikaa kimefunikwa kwa sahani, na alipokuja kukila mkewe alikuwa amekwisha kulala. Watu walimsifu, na sifa zikamlevya.

Merewai, mkewe, hakuwa mtu wa kelele. Jumapili alisema mara moja tu, huku akikunja nguo, kwamba Jumamosi meli ikipita atakwenda kukaa kwa binti yao mjini Suva, na hajui atarudi lini. Vilimone alimjibu, "Tutazungumza." Kisha akaitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba.

Jumatatu muuguzi wa zahanati alimpima presha, akaitazama mashine, akampima tena.

"Baba, siku tatu nisikuone hapa kijijini. Panda shambani kwako ukalale. La sivyo tutakuzika na simu sikioni."

Vilimone akamwachia simu Eparama, binamu na mtani wake, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kupasua paa. "Kesho asubuhi uwatangazie kwamba napumzika. Wasinifuate." Kwa mkewe alisema maneno mawili tu akiwa anatoka mlangoni: naenda shamba.

Kule kibandani mlimani alilala mpaka jua likamchoma miguu. Alipoamka hapakuwa na mtu wa kumwita. Alidhani angefurahi, wala hakufurahi. Alichoma muhogo, akaukata vipande viwili, kimoja akakiweka kando, kisha akajiuliza amemwekea nani. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokula na mtu asiyekuwa na shida ya kueleza.

Ndipo akaisikia lali, ile ngoma ya gogo, ikipigwa mapigo ya msiba. "Nani tena masikini?" Akashika njia ya mtoni mbiombio huku akipanga kichwani: nani akate mianzi, nani achinje, nani awapokee wageni wa kijiji cha pili. Bila yeye si mambo yataharibika?

Hayakuharibika hata kidogo. Turubai lilikwisha fungwa, masufuria ya magimbi yalikuwa yanatokota, wanawake walikuwa wanatandika mikeka, na wazee walikuwa wamelizunguka tanoa, bakuli kubwa la yaqona, kinywaji chao cha mizizi, kwa utulivu kabisa. Kila mtu alijua kazi yake. Vilimone alisimama nyuma ya migomba akaona uchungu, na akajionea haya kwa uchungu huo. Halafu akatambua kwamba nyumba yenye msiba ni yake.

Merewai. Akakimbilia ukuta wa mianzi wa jikoni, akatega sikio.

Kumbe kilichotokea ni hiki. Kupumzika ni neno la hatari: mchovu hupumzika, na marehemu naye hupumzika. Eparama alizunguka kijiji asubuhi na sauti yake ya mimbarini, akitangaza kwamba mkuu wao mpendwa amepumzika na wasimsumbue. Kufika mwisho wa kijiji, mwanzo wa kijiji walikuwa wanalia. Vijana walikwisha pandishwa mlimani na machela kwa njia ya juu, wakapishana naye.

Vilimone hakuyajua hayo. Alichosikia ni wanawake wakimlilia yeye kwa jina, na katikati yao sauti ya Merewai, kavu, hai.

"Nyamazeni kidogo, dada zangu. Ninyi mmefiwa leo. Mimi nina ujane wa miaka sita."

Hapo akakohoa bila kutaka. Bibi mmoja alichungulia, akamwona, akarusha mwiko na kupiga yowe lililowafikisha wazee wote uani.

"Nilisema umepumzika!" Eparama akajitetea, mikono juu. "Nani kasema umekufa?"

"Rudi ukafe, mtani!" mzee mwingine akapiga kelele. "Nguruwe wawili wamekwisha chinjwa! Tuwaambie nini?"

Kicheko kikaenea hadi ufukweni, na msiba ukageuka karamu. Mke na mume wakabaki peke yao jikoni, birika la chai kati yao.

"Nilikwenda kupumzika," Vilimone alisema.

"Najua. Hukuniuliza kama na mimi nimechoka."

Vilimone akauliza, "Jumamosi unaondoka?"

"Naondoka."

"Na mimi nikija?"

Kabla hajajibiwa mtu akaita kutoka nje: "Mkuu! Wageni walale wapi?" Magoti ya Vilimone yalinyanyuka kabla akili yake haijaamua. Akayashusha.

"Mwulizeni Eparama! Mimi nimekufa!"

Wakacheka huko nje. Merewai hakucheka, ila alichukua kikombe cha pili, akamimina chai, akachota sukari. Kijiko kikasita hewani.

"Vingapi?" aliuliza.

Walikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa. Vilimone alimwambia viwili, akavuta kikombe cha mkewe ili amtilie na yeye, na hapo akabaki ameshika kijiko, maana hakujua mkewe huweka vingapi.