Nguo ya Laptopu ya Bi Mabruka

Nyumbani kwa Bi Mabruka, jirani yangu hapa Ibra, Uarabuni, hapakuwa na kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilikuwa na nguo, simu ya mezani ilikuwa na nguo, na mtungi wa gesi ulivaa gauni la maua lenye marinda. Kwa hiyo Ijumaa ile ya mwaka 2007 aliponiita baada ya sala, akisema laptopu inaumwa, sikushangaa kuikuta sebuleni imevalishwa kitambaa cha atlasi ya kijani, lesi nene pembeni.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akanionyesha meza.

"Jana ilikuwa nzima, mwanangu. Leo haioni kitu. Muulize mkwe wangu."

Mkwe wake, Anas, alikuwa amejibanza karibu na mlango kama mtu aliyeitwa kwa liwali. Alikuwa amemwoa Rawya, binti wa Bi Mabruka, na ndoa bado ilikuwa mbichi. Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba Alhamisi jioni aliitia mashine programu mpya, ile ya ndani kabisa inayoiamsha kabla ya mengine yote. Ilimaliza vizuri. Lakini asubuhi, kadi ya wayalesi, ile inayonasa intaneti hewani, ilikuwa haipo. Hata kwenye orodha ya vifaa haikutajwa, kana kwamba mashine ilitoka kiwandani bila hiyo.

Siku nyingine jambo hilo lingesubiri. Siku hiyo, baada ya Alasiri, Bi Khole, dada yake Bi Mabruka, alikuwa anakwenda kukaa mbele ya kamera katika duka la intaneti kule Bujumbura. Hawakuwa wameonana tangu Bi Mabruka na wanawe walipohama huko kuja hapa mwaka tisini na tatu. Bi Khole hakuiamini mitambo hiyo, na baada ya kubembelezwa na ukoo mzima alikubali kwa sharti: atakwenda mara moja tu. Asipomwona dada yake, asiambiwe tena habari za kompyuta.

Na intaneti yenyewe ilikuwa ya Thani, jamaa yao wa nyumba ya pili. Ilipita ukutani bila waya. Thani alikuwa harusini Sur, mji wa mbali, funguo ziko mfukoni mwake, kwa hiyo hatukuweza kuingia kwake kuchomeka waya.

Bi Mabruka alisema kosa ni la Anas. Rawya alimtetea mumewe, ila alimtetea kwa kusema kwamba hata redio ya gari aliiharibu bila kukusudia. Mimi niliketi mbele ya mashine. Ufundi nimejifundisha mwenyewe, kwa mashine mbovu nilizoziokota kwenye karakana za Firq, na zimenizoesha kungoja kabla ya kumtaja mtu.

Nguo ya laptopu ilikuwa wazi pande mbili, kama mkono wa kanzu. Nikaivuta kuelekea kulia, upande uliokuwa karibu nami. Bi Mabruka aliguna. Nikaigeuza mashine chali, nikafungua kifuniko kidogo cha chini, nikaitoa kadi, nikayasugua meno yake kwa raba ya penseli, nikaibana mahali pake. Nikawasha. Kadi ikaonekana, na jina la Thani likatokea kwenye kioo.

"Ilikuwa imelegea tu," nikasema, kwa sauti ya daktari.

Rawya alipiga kigelegele kifupi. Nikapewa halwa kabla ya wengine. Anas alishusha pumzi ambayo nadhani aliizuia tangu asubuhi.

Ikaletwa kahawa. Bi Mabruka akawasha udi, maana dada hapokelewi bila udi hata akija kwa kioo. Ili moshi usiingie ndani ya mashine, akaizima na kuivika nguo yake. Moshi ulipotulia akaivua mwenyewe, akaniambia niwashe.

Kadi haipo.

"Abdullatif," Bi Mabruka aliniambia taratibu, "ulisema imelegea."

"Nilisema, Mama."

"Imelegea tena?"

Nikafungua tena, nikasugua, nikabana. Haikuonekana. Nikaisogeza kando sahani ya halwa. Anas akapendekeza tuirudishe programu ya zamani, na alisema hivyo kama mtu anayetia saini hukumu yake. Nikamwambia angoje. Programu mpya ilikuwemo ndani wakati mashine inafanya kazi, kwa hiyo haiwezi kuwa na lawama mara hii na isiwe nayo mara ile. Anas aliinua uso kidogo.

Nikawauliza tumefanya nini tofauti. Rawya akasema udi. Kisha akasema labda mashine imeona wivu wa halwa. Bi Mabruka alitazama saa ya ukutani, nayo ina nguo, akaiinua pindo kusoma. Wakati ulikuwa umekaribia.

Nikaomba turudie kila kitu kama mwanzo: yeye aivike, mimi niivue. Akaichukua nguo, akasema bismillahi, akaiingiza kwa upande wa kulia mpaka ikakaa sawa. Nikaishika kuirudisha huko huko kulia, naye akanipiga kofi dogo la mkono.

"Nguo huanzwa kulia ikivaliwa, hutokea kushoto ikivuliwa. Hukufundishwa?"

"Nimefundishwa, Mama. Lakini mara ya kwanza nilikosea."

"Nilikuona. Nikanyamaza kwa kuwa u mgeni."

"Basi niache nikosee tena."

Akaniachia. Nikaivuta kulia, nikawasha. Kadi ipo.

Hapo tukainama wote kuitazama mashine ukingoni, vichwa vikigongana. Mbele palikuwa na swichi ndogo kama punje ya mchele, ya kufungulia na kufungia wayalesi, na pindo la lesi lilikuwa likiinasa. Kila mara nguo ilipoingia kulia na kutokea kushoto, ilifagia swichi upande mmoja, ule wa kufunga; nilipoivuta kulia mimi, iliifungua. Mashine nyingine hapo husema wayalesi imefungwa. Hii iliificha kadi kabisa. Na nguo yenyewe ilikuwa mpya. Bi Mabruka aliishona Alhamisi jioni, kuipongeza mashine kwa programu yake mpya.

Bi Mabruka aliitazama nguo, akamtazama Anas.

"Sasa kosa la nani?"

"La lesi, Mama," alisema Rawya haraka.

Bi Mabruka alifikiri, akaona ni haki.

Tulisali. Tuliporudi Skaipu ilikuwa inalia, na kioo kizima kikajaa paji la uso la mwanamke.

"Mabruka, mbona umenona hivyo?"

"Na wewe mbona umebaki kipaji tu? Rudi nyuma nikuone."

Bi Khole akarudi nyuma. Wakatazamana, na sisi tukaangalia zulia. Kisha Bi Mabruka akanyoosha mkono bila kugeuka, akamvuta Anas kwa kanzu mpaka akaingia kwenye picha.

"Huyu ndiye mwanangu Anas," alimwambia dada yake. "Ndiye aliyeitia mashine programu mpya."

Nilipoaga, mazungumzo yalikuwa yamefika kwenye mishono. Bi Mabruka alikuwa na ile atlasi mapajani na mkasi mdogo mkononi, akimsikiliza dada yake huku akifumua lesi ya upande wa mbele. Mambo ya kulia na kushoto hakuyagusa.