Karatasi Zinazong'aa

Betri ya arobaini na moja ilifariki saa tatu asubuhi, bila kuacha wosia. Mtafiti aliandika saa ya kifo daftarini, akaegemeza paji la uso mezani. Alikuwa amechoka mpaka kope. Betri zake zilitakiwa kujaa kwa dakika kumi, na zote ziligoma katikati ya safari. Mkuu wa maabara alishasema: isipojaa hata moja kufikia kesho, Ijumaa, kazi inafungwa na meza anapewa mwingine.

Karatasi za elektrodi, zile zinazohifadhi umeme ndani ya betri, zilitengenezwa na mjomba wake, fundi wa maabara, ambaye korido nzima ilimwita Mzee Pasi. Alizipaka unga mweusi, akazipitisha kwenye mashine ya kubana ya kuzungusha kwa mkono, zikatoka zinang'aa kama viatu vya gwaride. Siku hiyo bega lilimuuma. Akaleta moja iliyofifia, akaomba radhi kana kwamba amevunja sahani za bibi harusi. Mpwa wake aliitumia ili asimvunje moyo.

Ijumaa asubuhi betri hiyo ilijaa. Dakika tisa na nusu.

Mtafiti hakurukaruka, nguvu hizo hakuwa nazo. Alimfuata mjomba wake kwenye mashine.

"Mjomba, zile nyingine ulizipitisha mara ngapi?"

"Mbili. Ya kwanza ya maelekezo, ya pili ya heshima yangu."

Akakaa chini kumweleza, polepole, kwamba ayoni, chembe zinazobeba umeme, hupenya kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye unga. Ukiubana mno, vitundu vinazibika, na ayoni zinapanga foleni nje mpaka muda unaisha. Mng'ao ule ulikuwa ndio kuzibika kwenyewe.

Mzee Pasi aliufuta mkono wa mashine yake kwa kitambaa.

"Kwa hiyo miezi saba nimekufungia mlango," alisema, "halafu nakuuliza mbona huingii."

"Na mimi sikukuuliza, Mjomba. Nilikuwa nazisifia."

Mkuu alikuja, akasoma vipimo mara mbili, akasema meza ibaki, ila anataka nyingine kumi za uthibitisho. Mzee Pasi alizipitisha mara moja moja, uso kaugeuzia ukutani, kama mzazi anayepeleka mtoto shule bila kumchana nywele. Mpwa wake alipokea ya kwanza, imefifia vizuri kabisa, akavuta kiti na kuanza kuikata.