Mita Kumi na Tisa za Lami

Polisi wa trafiki walipima alama za breki wakapata mita kumi na tisa, kutoka nilipokanyaga hadi nyuma ya lori. Ncha moja ya tepu niliishika mimi, kwa sababu askari aliyekuwa ameishika alipigiwa simu. Kwa hiyo najua kipimo kilikuwa sahihi. Lori la mahindi lilikuwa limeharibika katikati ya njia, mvua ilikuwa inanyesha, nami nilikuwa kwenye kilomita hamsini kwa saa. Mume wangu, Muigai, alikuwa kando yangu. Alikuwa amefunga mkanda, lakini alitanguliza mkono wa kulia kwenye dashibodi. Ulivunjika mara mbili kwenye kifundo cha mkono, na neva ikaumia. Muigai ni fundi wa suti, ana duka mtaa wa Pioneer. Tangu Mei hawezi kushika mkasi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mambo mengi kuhusu siku ile hayana jibu, ila swali moja lilikuwa nalo: je, kwa matairi ya zamani gari lingesimama kabla ya kulifikia lori?

Matairi mapya niliyachagua mwenyewe. Tunaishi Yamumbi, kilomita mbili na nukta tatu kutoka lami, na kipande hicho chote ni udongo mwekundu. Mwaka uliopita nilikwama mara saba. Mara ya saba wanafunzi walisubiri nje ya maabara kwa saa nzima, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Kituyi, anayeuza matairi karibu na duka la Muigai.

"Madam, wewe unabeba magogo?" aliuliza alipoona nimeshika yapi.

"Naishi Yamumbi."

"Yamumbi ni matope kidogo, alafu ni lami mpaka kwa shule. Chukua hizi za kati."

"Za kati zina meno ya milimita ngapi?"

"Mimi huuza tairi, mwalimu. Meno uliza daktari."

Nilitoa rula nikapima. Ya kati yalikuwa na milimita kumi na moja, ya matope kumi na sita. Nilimwambia afunge ya matope, kwenye rimu nyingine, ili ya zamani yabaki tayari kwenye rimu zake.

"Lami ikiwa na maji hizi huteleza," alisema, huku akilegeza nati. "Usikuje kusema Kituyi hakusema."

Alisema, na nilisikia. Nilikuwa nimehesabu siku nilizokwama. Sikuwa nimehesabu kilomita: mbili na nukta tatu za matope, kumi na moja za lami, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki.

Sikukwama tena. Matairi yaliingia kwenye udongo yakautapika pembeni, na gari likapita mahali ambapo pikipiki zilikuwa zinasukumwa. Kwenye lami yalivuma. Tukifika kilomita sitini kwa saa, redio haikusikika, na petroli iliyokuwa ikitufikisha Ijumaa sasa iliishia Alhamisi. Usukani ulichelewa kidogo kuitika, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Nilizoea baada ya wiki mbili. Muigai alikuwa akisikia mvumo kutoka dukani na kuwaambia wateja, "Ngojeni, ndege ya mke wangu inatua."

Baada ya ajali fundi alibadilisha bampa na rejeta. Matairi hayakuwa na kasoro, kwa hiyo yalibaki. Kila Jumanne na Ijumaa nilimpeleka Muigai kliniki, yeye akiwa amekaa mbele kama kawaida, akifinya mpira laini aliopewa na mtu wa mazoezi. Vidole viwili vilifinya. Vitatu vilikaa tu.

"Nimefinya ugali miaka arobaini," alimwambia yule wa mazoezi, "na leo naambiwa sijui kufinya."

Hakuwahi kuniuliza kuhusu matairi. Mwezi wa nane nilimwambia nataka kupima.

"Na ukishajua?"

"Nitakuwa najua."

"Haya," alisema.

Nilimwomba jirani yetu Ondiek anishikie tepu. Anafundisha kemia shuleni kwetu na huwa hapendi kitu kinachopimwa mara moja tu. Kuna kipande cha lami kinachokwenda kwenye ghala lililofungwa, upande wa barabara ya Turbo, na hakuna gari linalopita pale Jumamosi. Tulingoja mvua ya alasiri. Tuliweka jiwe mahali pa kukanyaga breki.

"Ukinigonga," Ondiek alisema, "mwambie Angeline nilikufa kwa ajili ya sayansi. Usimwambie ni tairi. Atanicheka kwa kaburi."

"Simama nyuma ya nguzo."

"Mke wangu ananijua. Atacheka."

Kwa matairi ya matope, kutoka kilomita hamsini kwa saa, gari lilisimama baada ya mita ishirini na mbili na nukta nane. Mara ya pili ishirini na tatu na nukta nne. Mara ya tatu ishirini na mbili na nukta tisa. Tulipiga jeki tukabadilisha magurudumu yote manne, na mvua haikupungua.

Kwa matairi ya zamani: kumi na nane na nukta moja. Kumi na saba na nukta saba. Ondiek alisoma kipimo cha tatu, akainama, akakisoma tena.

"Kumi na nane kamili," alisema. Alijua kipimo cha polisi. "Labda tepu imelegea."

"Haijalegea."

"Hii lami si ile."

"Zinakaribiana."

"Kabura, pia mvua ya siku ile..."

"Ondiek. Kunja tepu."

Niliketi kwenye usukani nikamaliza hesabu. Gari lilipogonga lori lilikuwa bado na mwendo wa kilomita ishirini na moja kwa saa. Kwa matairi ya zamani lingesimama mita moja nyuma yake. Nilingoja nione nitahisi nini. Nilisikia waipa, na Ondiek akifuta viatu kwenye zulia, kwa sababu matairi yale hayakuwa na mvumo wa kuficha kitu.

Tulikwama mita mia sita kutoka nyumbani. Ondiek alisukuma mpaka akawa mwekundu kwa udongo hadi kifuani, kisha akasema kemia ina raha zake, akaenda kwake. Nami niliacha gari nikatembea.

Muigai alikuwa kwenye kiti cha barazani na mpira wake. Alinitazama matope ya magotini.

"Umekwama na zile za zamani."

"Ndiyo."

"Ni ngapi?"

"Nilidhani hutaki kujua."

"Sikusema sitaki. Sikuuliza tu."

"Kumi na nane."

Alitoa kumi na nane kwenye kumi na tisa. Haikumchukua muda, maana kazi yake yote ni kutoa vipimo. Mpira ulianguka. Niliuokota nikamrudishia.

"Kuna kingine," nilisema. "Kituyi aliniambia zinateleza lami ikiwa na maji. Aliniambia kabla ya kufunga. Sikukuambia."

Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya mabati, ikabidi angoje ipungue ndipo aseme.

"Ulikuwa na rula," alisema.

"Nilikuwa na rula."

Alifinya mpira mara kumi, kama alivyoagizwa. Nilikuwa nikihesabu, naye pia.

"Jumanne niko na kliniki saa tatu," alisema. "Hii mvua inaisha lini?"

"Katikati ya Septemba, kwa kawaida."

"Basi rudisha zile za matope. Nikikosa wiki mbili, hivi vidole vitakauka."

Jumapili baada ya ibada niliyarudisha palepale gari lilipokwama. Muigai alinipa nati moja moja kwa mkono wa kushoto. Aliniambia moja bado imelegea, na kweli ilikuwa imelegea.

Jumanne saa mbili na nusu nilitoa gari getini. Muigai alipita mlango wa mbele, akafungua wa nyuma, akaketi nyuma yangu, akafunga mkanda. Tulipita matope bila shida.

Kwenye lami nilishika kilomita arobaini kwa saa na kuacha nafasi ya mita arobaini mbele. Magari yaliijaza, nikarudi nyuma, mengine yakaijaza tena. Waliokuwa nyuma walipiga honi. Tulipokaribia mahali pa ajali, mvumo ukiwa uleule, Muigai aliinamia kiti changu ili nimsikie.

"Uko kwa ngapi?"

"Arobaini."

"Hapo inasimama kwa mita ngapi?"

"Kumi na tano."

"Haya," alisema, akaegemea tena, akaendelea na mpira wake.