Mama Yako Alikuwaje

…sawa, yuko sawa, hilo keshalisema alipoingia na atalisema tena akitoka, kwani mtu akiulizwa hali si ndiyo jibu lake, lakini Madam Loveness hakuuliza hali, kauliza jingine kabisa, "Zuleha, mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" kisha mikono kaipakata, anamtazama bila kumkodolea, na Zuleha macho yake yako kwenye magunia ya mbolea, maana chumba cha unasihi chenyewe ni stoo ya shule jamani, majembe, mafyekeo, nyavu za goli zilizoliwa na panya, vitu vikasukumwa upande, vikatiwa viti viwili, haya, unasihi umeanza, mtu aje afungue moyo wake humu, aufungue una nini, mwenyewe kaupapasa tangu mama afe na hakugusa kitu, hamna uchungu hamna hasira, ganzi tu, kama siku ile ya kung'olewa jino, mtu unajiuma ulimi wala huna habari… nje baba anakohoa, kakaa kwenye benchi chini ya dirisha na kikohozi chake kile cha kuuliza mmefikia wapi, baba wa watu, asubuhi kamwambia Madam mbele yake yeye mwenyewe, "Mwalimu, mtoto hali, hasemi, karatasi ya mtihani karudisha nyeupe peee, sasa hapa Mwera anabaki kufanya nini? Ijumaa nampeleka Pemba kwa shangazi yake, mtoto wa kike kafiwa na mama, shangazi ndiye mama," na Madam akajibu, "Sawa, baba, lakini niachie kwanza nimsikie yeye, akisema anataka kubaki, tutazungumza mimi na wewe," na baba akacheka kicheko kisicho na meno, "Akisema! Aseme, mwalimu, hata anitukane, mradi aseme," na Zuleha kasimama pale anawasikiliza kana kwamba anayezungumzwa ni mtoto wa jirani, Pemba sawa, Mwera sawa, wangemwambia Kongo angeuliza tu viatu viko wapi.

Alikuwaje, swali gani hilo, hajaulizwa na mtu, na nani amuulize, Mwera nzima inamjua Bi Saleha wa mikate ya kumimina, waliokuja walikuja na yao mdomoni, subira Zuleha, kazi ya Mungu haina makosa, sote njia moja, jikaze mwanangu wewe ndiye mama wa nyumba sasa, kisha wakigeuka ubavuni wanaambizana mashaallah kajikaza, hata chozi, na yeye anasikia, anapokea vikombe, anaosha, anapanga, kujikaza gani, kitu kikiwa hakipo unakikazaje… huyu Madam mtu wa bara, kahamia mwezi huu, mama hakuwahi kumwona hata mgongo, anauliza kwa sababu hajui, basi hata hana ujanja wa kumjibu kwa kutikisa kichwa, amwambie nini, alikuwa mwema, maiti gani aliyewahi kuwa mbaya, alikuwa mpole, astaghfirullah, mama mpole! mama aliyemrudisha mke wa imamu mlangoni na mkate wake kwa kuwa kausema hauna iliki, "Iliki imo, bibi, pua ndiyo haimo!" na akaanza kucheka hata neno halijamaliza kutoka, alikuwa akijichekea mwenyewe kabla ya watu, akitembea mguu wa kulia anauburuta kidogo, nyonga inakwenda huko yeye anakwenda huku… hapana, huyo si mama, huyo ni Bi Mize, Zuleha anakumbuka, huyo anayemwona akitembea hivyo ni Bi Mize akimwiga mama.

Siku ya mazishi, wanaume wamekwenda makaburini, wanawake wamejaa ukumbini vilio vimeshawakauka, na Zuleha yuko jiko la uani anapika wali wa watu, moshi machoni, na Bi Mize ni mtani wao, na mtani msibani hazuiwi, atalala kitandani mwa maiti, ataficha sufuria, atafanya lake na mfiwa hana ruhusa ya kununa, basi Bi Mize kaingia chumbani kwa mama, kachukua leso ya mama, kaifunga vile vile, fundo ubavuni, kaujaza ukumbi kwa ule mguu wa kuburuta, mkono kiunoni, na sauti, jamani ile sauti, "Wee Zuleha! Zulehaaa! Umekufa huko jikoni? Wali unanuka mpaka Pangani mjini, mimi nimezaa mtoto au nimezaa kinyago?" na Zuleha, huyu huyu mwenye ganzi, kaitika, "Abee, mama! Naja!" kwa ule ukali wake wa kila siku, kainuka na upawa mkononi, katokea mlangoni… na ukumbi mzima ukaangua kicheko, wanawake wakaanguka kwenye mikeka, kisha kicheko hicho hicho kikageuka kilio, na Bi Mize kanyoosha kiganja, "Nipeni changu, nimewafufulia mtu!" na Zuleha naye akacheka, alicheka kweli, mbavu zilimuuma, akarudi jikoni akaupindua wali, na tangu pale, tangu upawa ule uingie tena sufuriani, basi, hakuna kilichomgusa, wala hakumwambia mtu kwamba yeye hakuitika kwa utani, aliitika kwa sababu kaitwa, kwa hatua zile chache kutoka jikoni hadi mlangoni mama alikuwa mzima na ana hasira na wali… na tangu siku hiyo hajamkemea mtu, baba naye anamwita mwanangu, taratibu, kama anaita mgonjwa.

Nje benchi limelia, baba kajigeuza, Madam hajasema subira, hajasema jikaze, hata kalamu hakushika, anangoja tu kama mtu ana siku nzima, na hapo Zuleha akamwona akilini shangazi Hasina wa huko Pemba, mwema wa watu, kamwona mama mara moja tu, harusini, mama kakaa kitako kajifunika shela, mguu hakuuona, sauti hakuisikia, maana bibi harusi hasemi, na majirani wa huko watauliza, maana watu huuliza, mama yako alikuwaje, na shangazi atawajibu kwa niaba yake, alikuwa mwema, Mungu amrehemu, na yeye atatikisa kichwa, na mwaka utapita, na Pemba nzima hakutakuwa na mtani wa kuifunga leso ya mama ubavuni na kumwita yeye Zuleha kwa ukali wa mama, ataulizwa na atasema mwema, mpole, mpaka siku moja na yeye aamini… la, hapana, mama mpole nani, hapana, atamwambia Madam, aanze na mke wa imamu, au aanze na mguu, mguu hauelezeki mtu akiwa amekaa, na baba naye ataambiwa, asikie huko huko dirishani, sitaki, baba, siendi, hapa ndipo watu wanamjua, na Madam bado kapakata mikono yake, na koo lake Zuleha linamuuma, linamuuma kweli kweli, akaogopa asije akameza, ganzi ikarudi.